Mkono Uliopauka

"Mbuzi?" nesi Zawadi aliuliza.

"Mbuzi," Adelfina akajibu. "Alikuwa anamfungua kamba, mbuzi akamburuta, mkono ukakwaruza mti. Kuja kutazama, kidude hakipo."

Nesi alimgeukia Priscila. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, sweta ya kijani imefungwa vifungo mpaka shingoni, anatazama vidole vyake vya miguu. Kwao Mabawe, huko Ngara, mbuzi walikuwepo, hilo lilikuwa kweli. Ila hawakuwa na kosa lolote.

"Na kile cha kwanza vile? Blanketi?"

"Blanketi, nesi."

"Haya. Vua sweta, binti yangu."

Adelfina alipomvua, mvuke wa jasho ulipanda kutoka kwapani mwa mtoto. Nesi Zawadi akausikia. Aliosha ule mkono kwa maji na sabuni ya mche, nyuma, juu ya kiwiko, akaukausha, akapitisha pamba yenye spiriti, kisha akangoja ngozi ikauke yenyewe bila kuipuliza. Ndipo akakibandika: kidude cheupe cha duara, kikubwa kuliko kizibo cha soda kidogo tu, chenye uzi mwembamba kama unywele unaoingia chini ya ngozi. Ukisogeza kimashine karibu yake, unasoma sukari ya mtoto ilivyo, imepanda au inashuka, bila kumtoboa kidole. Priscila alikuwa ameshatobolewa vidole mpaka ncha zake zikawa ngumu kama za mshona viatu.

"Lete kiganja chako, mama. Weka hapa juu. Usikandamize, kipashe joto tu, gundi ishike." Nesi akauweka mkono wa Adelfina juu ya mkono wa mtoto. "Gundi hii ina maadui wawili. Jasho na mafuta. Mkono huu usipake kitu. Si mafuta ya mgando, si losheni, hakuna. Na hii sweta ya nini na jua lote hili?"

"Huwa anasikia baridi."

"Mh." Nesi akabandika plasta pana juu ya kidude, akalainisha kingo zake kwa kidole gumba. Halafu akasema polepole, kama mtu anayechukia anachokisema, "Mama Priscila, vinakuja vya msaada, na vinakuja vichache. Hiki kikitoka kabla ya muda wake, kinachofuata namwekea mtoto wa Nyamahanga, kule Biharamulo. Mama yake ananipigia simu kila mara, mwanawe anashuka sukari usingizini kama wako. Nitamjibu nini? Kwamba mbuzi wa Ngara wamezidi?"

Adelfina akacheka kidogo, kwa adabu. Alipotoka nje alimvalisha Priscila sweta kabla hawajafika getini.

*

Mtoto wa Mabawe hatoki nyumbani bila kupakwa mafuta. Anaweza kutoka hajala, anaweza kutoka na kaptura iliyochanika, lakini akitoka amepauka, miguu ina mistari myeupe kama aliyelala jivuni, anayesemwa si yeye bali mama yake. Wanawake walimjua Adelfina kwa jambo hilo. Watoto wake walikuwa wanang'aa. Hata yule mdogo anayetambaa alikuwa anateleza mikononi ukimbeba.

Sasa alikuwa na mtoto mwenye mkono mmoja unaong'aa na mwingine wa kijivu.

"Mama Priscila," mama mkwe wake, Anjelika, alimwita siku moja akiwa anamenya ndizi barazani. "Hivi huyu mtoto ana mama wangapi?"

"Mmoja, mama. Si mimi?"

"Basi mbona mkono wa kulia una mama, na wa kushoto ni yatima?"

Shemeji zake wakaangua kicheko. Adelfina naye akacheka, maana ukicheka pamoja na mama mkwe wako akiwa anakucheka, mambo yanapita haraka zaidi. Kisha akaingia ndani akasimama nyuma ya mlango bila kufanya kitu.

Pale nyumbani walikuwa wanajua kwamba Priscila ana kisukari. Nje ya ua hawakujua. Adelfina ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alipoambiwa hospitali, mwanamke mmoja pale kwenye foleni alikuwa amemwuliza, "Mtoto huyu? Sukari? Hiyo si ya wazee wenye vitambi? Wewe ulikuwa unamtilia vijiko vingapi kwenye uji?" Nesi alimweleza baadaye kwamba haikutokana na uji wala chai, kwamba mwili wa mtoto wenyewe uliacha kutengeneza dawa yake ya kusaga sukari, na hakuna mama anayeweza kuzuia. Adelfina alielewa. Alisoma mpaka akaelewa, kwenye karatasi aliyopewa. Lakini lile swali la foleni lilibaki, na kila akimtazama mwanawe lilikuwa linamsubiri. Ndipo ikaja sweta. Sweta ndiyo iliyokilowesha jasho kidude cha kwanza mpaka kingo zikajikunja, na sweta hiyohiyo, ilipovuliwa kwa haraka, ikaondoka na cha pili.

"Kwani tumeiba?" mume wake Nyandwi alimwambia. "Mwache mtoto avue hilo likoti, atachemka bure."

"Wewe hukai na wanawake bombani."

"Wanawake wa bombani ndio wanaomchoma sindano?"

"Baba Priscila, nakuomba. Baada ya Komunyo. Apokee Komunyo yake vizuri, watu wamwone ni mtoto kama wenzake. Baada ya hapo hata nikitangaza kwa kipaza sauti, sawa."

Nyandwi akaguna, akachukua jembe. Priscila alikuwa amekaa karibu, anachambua maharage. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini, naye alikuwa ameshazoea kwamba mkono wake ni habari ya wakubwa.

*

Asubuhi ya Komunyo ya Kwanza, Anjelika aliingia bila kubisha hodi, ameshika kikopo kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Siagi ya ng'ombe," alisema. "Niliisukasuka mwenyewe. Mjukuu wangu hatapokea Yesu akiwa amepakwa mafuta ya dukani. Baba yake nilimpaka hii, na shangazi zake wote niliwapaka hii. Shika."

"Ahsante, mama."

"Mikono yote, Mama Priscila. Miwili."

Akatoka. Adelfina alikuwa ameshamchoma mtoto sindano yake na kumnywesha uji nusu kikombe kwa siri, kwa sababu katekista Benedicto alikuwa amewaambia watoto wote waje bila kula. Alikuwa anataka kumwongeza, lakini mtoto mwenyewe alikataa. "Katekista alisema dhambi, mama."

Magauni yote ya wasichana yalishonwa sare: meupe, mikono inaishia kwenye kiwiko. Kidude kingejificha vizuri humo ndani. Akamvalisha la kwake. Adelfina akachota siagi kwa vidole viwili, akaanza na miguu, shingo, uso, mkono wa kulia. Ukang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Kisha akaushika wa kushoto.

Alianza kiganjani. Alijiambia ataishia kwenye kiwiko. Alipofika kwenye kiwiko, Priscila akainua mkono juu ili amsaidie, kama watoto watakavyoinua wakiimba, na ule mkono mpana wa gauni ukateremka mpaka begani. Kuanzia kwenye kiwiko kwenda juu palikuwa kijivu, kama udongo mkavu. Kanisa zima lingeona. Akapanda kidogo. Siagi ilikuwa laini, ina harufu ya moshi na maziwa, inakwenda yenyewe. Akazunguka plasta kwa uangalifu, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepaka rangi pembeni mwa dirisha. Bado palionekana ukingo mweupe. Akaupaka na huo ukingo.

"Mama," Priscila akasema. "Nesi alikataza."

"Kidogo tu. Leo tu."

"Nikimwona nimwambie nini?"

Adelfina akafunika kikopo. Juu ya gauni alimvalisha ile sweta ya kijani, kwa kuwa kitambaa kilikuwa chepesi na kidude kilikuwa kinatokeza kama uvimbe.

*

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Watoto walipangwa mbele, wavulana huku, wasichana huku. Katekista Benedicto alikuwa anapita katikati akinyoosha kola na kuwaambia wasitafune kucha. Akafika kwa Priscila.

"Wewe binti, unakwenda shambani? Vua hiyo sweta. Leo ni nyeupe tupu."

Priscila aligeuka kumtafuta mama yake. Adelfina, kwenye benchi la tatu karibu na mama mkwe wake, akamfanyia ishara ya kidole: polepole. Lakini Benedicto alikuwa na haraka, kengele ilikuwa karibu kupigwa. Aliishika sweta kwa nyuma akaivuta yeye mwenyewe.

Kitu kikagonga sakafu. Kilikuwa kitu chepesi, sauti yake ndogo tu, ila ilitokea wakati kwaya imepumzika. Kikabiringika mpaka chini ya kiti cha mama mmoja wa Shirika la akina mama wa parokia, kikalala chali, uzi wake mwembamba umesimama juu.

Benedicto akainama. Alikiokota kwa vidole viwili, akakigeuza. Kiliteleza kwa siagi.

"Hiki ni nini?"

"Kifungo?" mtu akasema.

"Kifungo gani kina sindano?" Yule mama wa Shirika alisogea, akatazama, akajishika kifuani. "Yesu wangu. Hiyo ni hirizi. Tazama ilivyopakwa mafuta."

Lile neno likapita benchi hadi benchi kama moto kwenye nyasi. Hirizi. Kwa watoto wa Komunyo. Nani? Ya nani?

"Kimetoka kwa nani?" Benedicto aliuliza, akikiinua juu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshtuka, na mbele yake kulikuwa na watu wengi. "Mwenyewe aseme. Kama ni kitu cha kawaida, aseme tu tuendelee."

Ilikuwa sentensi moja. Ni kifaa cha hospitali, ni cha mwanangu. Adelfina alikuwa nayo tayari mdomoni, ameifungua hata midomo. Akaona shingo zilizogeuka. Akamwona mwanamke wa bombani, na wa pili wake. Akawaza ile "vijiko vingapi" ikiulizwa kanisa zima, na baada yake: na umempaka mafuta juu ya dawa?

Priscila alikuwa amegeuka. Hakulia, hakuonyesha kidole. Alimtazama mama yake tu, usoni, akingoja kuambiwa.

Adelfina akatazama sakafu.

Alipoinua macho, mtoto alikuwa ameshageukia mbele, mabega yamenyooka, mikono imekunjwa kifuani kama alivyofundishwa. Karibu na Adelfina, Anjelika, ambaye alikuwa amekiona kile kidude mara nyingi sana, alisema kwa sauti ya juu kuliko wote, "Mawe, mama wee! Watu wa siku hizi hawaogopi hata altare!"

Benedicto akakifunga kwenye kipande cha gazeti, akatoka nacho nje kuelekea chooni. Kengele ikapigwa.

*

Misa ilikuwa ndefu. Padri alihubiri juu ya karamu. Adelfina hakusikia, alikuwa anamtazama mwanawe kisogoni. Kwenye mkoba alikuwa na kimashine cha kusomea, na hakikuwa na cha kusoma. Kile cha kutobolea vidole alikuwa amekiacha nyumbani kabatini, kwa maana si kidude kipo?

Watoto walipokea. Priscila alipokuwa anarudi, Adelfina aliona jasho juu ya mdomo wake, na hatua za kuyumba kidogo, kama mtu anayevuka daraja la mti. Alijiambia ni joto. Mtoto akakaa. Kisha akaegemea kwa mwenzake, na mwenzake akamsukuma, na Priscila akaanguka upande wa pili bila kujizuia.

"Njaa hiyo," mtu akasema. "Mpeni maji."

"Ni ile hirizi. Si mnaona? Imemwacha."

Nyandwi alitoka upande wa wanaume akiruka magoti ya watu. Alimbeba mtoto mpaka nje kivulini, na Adelfina akamfuata, na kundi likawafuata wote wawili. Uso wa Priscila ulikuwa umelowa, macho yanatazama bila kuona.

"Apepewe!"

"Msimpepee," Nyandwi alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa, na ilikatika katikati. "Huyu ana kisukari. Sukari imemshuka. Nani ana soda? Juisi, sukari, kitu chochote! Mnatazama nini?"

Watu wakapapasa mifuko na mikoba. Halafu mtoto mmoja wa Komunyo, gauni lake sare na la Priscila, akatoa soda ya chungwa iliyokuwa ya sherehe yake. Adelfina akampakata mwanawe, akamnywesha kwa mafunda madogo, nyingine ikamwagika kwenye gauni jeupe. Aliwasikia nyuma yake. Kisukari? Mtoto? Na anapewa soda? Kumbe ndiyo ile sweta. Kumbe kile kitu. Kwa hiyo alikuwa anajua. Alikuwa amekaa pale pale anajua.

Hakugeuka. Aliendelea kunywesha.

Baada ya muda macho ya Priscila yalirudi. Yalizunguka, yakampata mama yake. Midomo yake ilikuwa inanata kwa soda.

"Sikusema, mama," akanong'ona. "Umeona? Sikusema."

*

Nyandwi ndiye aliyepiga simu hospitali. Kwa hiyo walipofika siku ya kliniki, nesi Zawadi hakuuliza chochote. Chumbani alikuwepo mama mwingine, amejitanda mtandio wa zambarau, na binti mwembamba mwenye gauni refu la mikono mirefu.

"Huyu ni Mama Raya, wa Nyamahanga," nesi alisema. "Wana duka pale senta. Mama Priscila, nilikueleza."

"Ulinieleza, nesi."

"Priscila tutarudi kwenye vidole kwa sasa. Vikija vingine nitawaita. Sisemi lini, nisije nikakudanganya." Nje mtoto mwingine alikuwa analia na nesi aliitwa mara mbili. Akakitoa kidude kwenye boksi lake, akasita, akamtazama Adelfina. "Wewe umeshaona kinavyobandikwa mara tatu. Niandalie mkono, nakuja."

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Adelfina alinawa. Akaukunja mkono wa gauni la Raya mpaka begani, akaosha ngozi kwa sabuni, akakausha, akapitisha spiriti. Ngozi ya yule mtoto ilikuwa laini, ina mafuta ya nazi, ikabidi aoshe tena na tena mpaka ikapauka. Priscila alikuwa amekaa kwenye benchi, sweta haipo, anamtazama.

"Mungu akujaze heri, dada yangu," yule mama alisema. "Mie naitwa Sauda. Usiku silali, wallahi. Namgusa mwanangu shavu, nikimkuta kalowa jasho roho yanitoka. Sasa nitapumzika hata saa moja." Akashusha sauti. "Ila baba yake asema kifunikwe. Dukani wateja wengi, wana maneno hao, na huyu kesho keshokutwa ni wa kuolewa. Ndiyo nimemshonea haya magauni ya mikono."

Nesi alirudi, akakibandika kwa mkono mmoja mwepesi, akaweka plasta. "Kiganja," akamwambia Adelfina, akaenda mezani kuandika.

Adelfina akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Raya. Chini yake alikisikia kile kidude, kidogo, kigumu.

"Na wa kwako cha kwake kiko mkono upi?" Sauda aliuliza akimtazama Priscila. "Mbona sikioni?"

"Hana. Kilitoka."

"Maskini! Kilitokaje? Niambie, nami nijihadhari."

Kalamu ya nesi Zawadi ilisimama. Priscila alikuwa ameinua uso, na ulikuwa uso uleule wa kanisani, unaongoja.

"Nilikuwa naona haya," Adelfina akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa, akaanza tena. "Hakuna kilichokigonga. Nilimvisha sweta juani ili watu wasikione, jasho likakilegeza. Mara mbili hivyo, na mara zote mbili nikamdanganya nesi. Cha tatu nikakipaka siagi kwa mkono wangu, ili wasiseme mtoto wangu amepauka. Kikaanguka kanisani. Wakauliza ni cha nani. Mwanangu akanitazama, na mimi nikanyamaza. Akaanguka yeye."

Alisema yote bila kuondoa kiganja. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Tangu mwanzo wa maneno yale vidole vya Sauda vilikuwa vimeshika pindo la mkono wa gauni la Raya, tayari kuushusha. Sasa vilibaki palepale, havishushi wala havipandishi.

"Usifunike," Adelfina akamwambia taratibu. "Bado gundi haijashika. Mwache hivyo hivyo."